Wasia wa Mwana Kupona na Kazi ya Kumshauri Mwenye Majonzi

Utenzi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu mwaka wa 1858 kwa ajili ya binti yake umesifiwa kiasi cha kwamba sifa zake zimekuwa kama pazia mbele yake. Kila mwalimu wa Kiswahili hulitaja jina lake. Ni wachache wausomao toka mwanzo hata mwisho. Wengi huchukua beti za katikati, zile zinazoeleza namna impasavyo mke kumtendea mumewe, wakazitoa mbele ya wanafunzi au mbele ya maarusi kana kwamba ndizo utenzi wenyewe. Twataka kuonyesha hapa ya kuwa kufanya hivyo ni kuuvunja utenzi na, lililo baya zaidi, ni kumkosea mtu aliyekuja kwetu kutaka shauri. Kwani jambo hili si la vitabu tu. Mwalimu na padre katika bonde la Kilombero, awe Ifakara mjini, au Michenga, au huko mbele Mngeta na Mchombe, huulizwa mambo ya ndoa na ya msiba mara nyingi kuliko aulizwavyo habari za mashairi; na jibu lake mara nyingi hulitoa katika yale aliyopata kuyasoma.

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana lugha mara nyingi hulijua jambo kabla yetu. "Shauri" lilitujia kutoka Kiarabu, na humu kwetu limepanuka sana. Mtu husema "nimekata shauri," maana yake nimeazimu. Husema "nipe shauri," maana yake nisaidie kufikiri. Husema "nina shauri na fulani," maana yake tuna daawa. Zamani za Wadachi neno hili lilikuwa ndilo jina la baraza la bomani: mwenye ugomvi wa mahari au wa shamba alipanda Mahenge, akaketi chini, akangoja zamu yake, akatoa maneno yake, na mkubwa akalikata shauri. Wazungu wenyewe walilitia neno hilo katika vitabu vyao bila kulitafsiri. Kwa hiyo hata leo mtu akimwendea mkubwa wa kanisa au wa shule na shauri lake, pande zote mbili huweza kuingia katika desturi ya boma pasipo kujua: mmoja hushitaki, mwingine huhukumu.

Tena tazama upande wa pili. Asiyetaka kujitia katika matata ya mwenzake humwambia, "Shauri lako," au kama wengi wasemavyo kinyume cha sarufi, "Shauri yako." Nalo ni neno la kumwachia mtu mzigo wake njiani. Basi neno moja lina hukumu mwisho huu na kutupwa mwisho ule, na mshauri wa kweli hana budi kusimama mahali fulani katikati, ambapo ni pembamba kuliko wengi wadhanivyo.

Kwa mfiwa Kiswahili hakitumii neno hili kabisa. Twampa pole, twatoa rambirambi, twamliwaza, twamfariji. Na watu wa pwani huenda kuhani. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye maana ya kufundisha. Pole ni ndugu yake mpole na polepole. Haimwambii mfiwa afanye nini. Wengi wasemao makaburini wangelisikiliza neno hili moja wangefupisha hotuba zao.

Sasa turudi kwa Mwana Kupona. Alikuwa mwenyeji wa Pate. Mumewe, ajulikanaye kwa jina la Bwana Mataka, alikuwa sheikh wa Siu, mtu wa vita, aliyekataa kwa miaka mingi kuutii utawala wa Sayyid Said wa Unguja. Alikufa mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, naye mgonjwa, alimtungia binti yao, Mwana Hashima, utenzi huu katika Kiswahili cha kaskazini. Wanakili waliuhifadhi kwa herufi za Kiarabu, na mwaka wa 1934 Alice Werner na William Hichens waliupiga chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. J. W. T. Allen naye aliutia katika mkusanyo wake wa tenzi wa mwaka 1971. Kazi ya Werner na Hichens ni ya kushukuriwa sana. Walakini jina la Kiingereza walilokipa kitabu lautaja wasia huu kuwa ni juu ya wajibu wa mke, na jina la kitabu ni kama mlango wa nyumba: mgeni akishaingizwa kwa mlango wa jikoni, hudhani nyumba yote ni jiko. Tangu hapo wasomaji wengi wameingia kwa mlango huo.

Ukiufuata mpango wa utenzi wenyewe waona mambo mengine. Kwanza mama amwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Amweleza ya kuwa amekuwa mgonjwa muda wa mwaka, na ya kuwa ana neno moyoni ambalo bado hajamwambia. Ndipo asemapo kwamba ampa hirizi ya kuivaa, na kidani cha lulu na marijani cha kumpamba. Maana yake maneno yafuatayo. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana na kila anayeshauri. Kabla hajatoa agizo hata moja, amekwisha kumjulisha binti mambo matatu: kwamba yu karibu naye, kwamba yeye mwenyewe ateseka, na kwamba analotoa ni zawadi. Agizo litolewalo hivyo lasikika vingine. Ukiliondoa mahali pake, ukaliandika ubaoni darasani, labaki agizo tupu.

Baadaye yaja maonyo juu ya dini, adabu na ulimi: awe mcheshi, maneno yake yasiwe na hila, asijitie katika mambo asiyoyajua, wala asiwe mtu wa kusengenya. Hayo twayapita upesi, si kwa kuwa hayafai, bali kwa kuwa kila mama wa Kiafrika na wa Kizungu ameyasema, na Mwana Kupona ayasema vizuri kama wao.

Kisha zaja beti zenye sifa na zenye lawama. Mama asema wako watano ambao mwanamke hana budi kupata radhi yao: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Siku ya kiyama neno la mume ndilo litakaloamua mke aende wapi. Basi amtumikie, asimwamshe kwa ghafula alalapo, amtunze mwili na nguo, ampambie nyumba, asitoke pasipo ruhusa yake. Haifai kuzilainisha beti hizi kwa maelezo matamu. Zasema zisemavyo. Mwaka wa 1991 Ann Biersteker aliandika ya kuwa zaweza kusomwa kwa jicho jingine, kwamba ndani ya utii huo mna kejeli. Na msomaji wa namna hiyo hushikilia mahali pale ambapo mama aagiza mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Ni kweli kwamba mtu afananishwaye na mtoto asiyejua kusema si mtu wa kuogopwa. Twakubali kwamba pana cheko dogo hapo, kama lile wanawake wazima wachekalo wakiwa peke yao. Lakini hatukubali kwamba beti zote ni kejeli. Mwana Kupona aliamini aliyoyasema. Aliishi katika nyumba ya mtawala, katika mji uliozoea vita, na alikuwa akimwacha binti ambaye baada ya siku chache hangekuwa na baba wala mama wa kumtetea. Katika hali hiyo radhi ya mume ilikuwa paa la nyumba. Mama alimfundisha binti kulitunza paa, kwa kuwa hakuona paa jingine.

Hiyo ndiyo hoja yetu kubwa juu ya beti hizi. Ni wasia, wala si sheria. Wasia hutoka kwa mtu mmoja ambaye siku zake zimekwisha hesabiwa, humwendea mtu mmoja ambaye mwenye kuusia amjua tangu tumboni, na hupimwa kwa mambo ya nyumba ile. Tutaambiwa ya kuwa karibu na mwisho Mwana Kupona awaalika wanawake wote wausome. Ni kweli, awaalika. Lakini kuwaalika watu wasikilize yale aliyoambiwa mwanao si sawasawa na kuwaamuru. Ni kama mtu aachaye mlango wazi anaposema na mtoto wake, ili na majirani wapate faida. Atakayeyachukua maneno hayo akampelekea mke mwingine, wa mume mwingine, katika karne nyingine, hana budi kwanza kuuliza: je, mume huyu ni kama yule?

Na bado liko jambo ambalo wasifu wengi hulifunika. Katika maonyo yake Mwana Kupona amwambia binti asichanganyikane na watumwa ila wakati wa kazi. Sisi tulio bara hatuwezi kulipita neno hilo kama wapitavyo wengine, kwa maana watumwa wa miji ile ya pwani walitoka bara, katika makabila ya jamaa zetu. Huruma ya mama huyu ilikuwa kubwa ndani ya ua wake, nao ua ulikuwa na mpaka. Hatuandiki hivi ili kumhukumu marehemu. Twaandika kwa kuwa kila mshauri ana ua wake, na ni vigumu kuuona ua ambao umezaliwa ndani yake.

Tukisha kusema hayo, twaweza kufika mahali ambapo, kwa maoni yetu, utenzi hupanda juu kabisa. Baada ya maagizo yote mama aacha kuagiza. Aanza kusimulia. Asema jinsi baba yake binti alivyomwoa, jinsi walivyokaa pamoja kwa furaha pasipo ugomvi, jinsi mume alivyomwambia kwamba ameridhika naye kabla ya mauti kuwatenganisha, na jinsi yeye akumbukapo wema wake atokwavyo na machozi. Hapo mwanamke aliyekuwa akiamrisha huonekana kuwa mjane. Na maagizo ya nyuma hupata sura nyingine: si kanuni alizozipokea kwa wazee akazikariri, bali ni kumbukumbu za nyumba aliyoipenda na ambayo imevunjika. Alipomwambia binti atunze nguo za mume alikuwa akizikumbuka nguo ambazo hakuna azivaaye tena. Msomaji asiyefika katika beti hizi hajausoma utenzi. Na wale wanaozitoa beti za utii peke yake huishia hatua chache tu kabla ya mlango wa chumba chenyewe.

Baada ya masimulizi yafuata maombi, nayo ni marefu. Wahakiki wengine huyaona kuwa ni mkia wa desturi. Twaona sivyo. Mama awaombea watoto wake na ndugu zake, ajiombea afya, na sauti yake hapa si ya mtu ajuaye majibu. Mshauri amekwisha kuwa mwenye kutaka msaada. Mpango huu, kuagiza, kisha kukumbuka, kisha kuomba, ni kinyume cha ule tuliouzoea sisi, ambao huanza na sala fupi na kumaliza na maagizo marefu.

Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka wa 1909 akafa mwaka wa 1962, aliifuata njia hii ya Mwana Kupona alipowatungia watoto wake tenzi mbili za kuwausia, ule wa Hati kwa binti na ule wa Adili kwa mwana. Ni kazi safi, na lugha yake yafahamika bondeni kwetu kwa wepesi kuliko ile ya kaskazini. Lakini yeye alikitenga kilio na wasia. Alipofiwa na mkewe Amina alimlilia katika shairi la peke yake, na katika shairi lile hamfundishi mtu neno lo lote. Mafundisho aliyaweka kwingine. Pengine ndiyo sababu tenzi zake za wasia huheshimiwa, na shairi la Amina hupendwa. Tumewaona vijana wakiukariri utenzi wa Hati kwa sababu ya mtihani. Shairi la Amina hulikariri bila kuambiwa.

Walakini si haki kuupima ushauri wa Waswahili na wa watu wa bara kwa tenzi tu, kwani sehemu yake kubwa haikuandikwa. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka wa 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, twasoma habari za kungwi na somo, za unyago, za matanga na eda. Somo si mwalimu wa siku moja. Amfunda mwali, akaa naye siku za harusi, na baadaye mke akipata matata nyumbani humwendea yeye kwanza. Humu bondeni, kwa Wapogoro na Wandamba na Wambunga, majina ni mengine na sherehe ni nyingine, lakini mwali huwekwa ndani, na wanawake watu wazima humfunda kwa nyimbo na mafumbo, na kuna mmoja wao ambaye humkabidhiwa na hubaki kuwa wake. Faida ya desturi hii ni kwamba anayeshauriwa anajulikana. Hasara yake twaijua pia: mafumbo mengine humfundisha mwali kuvumilia yale yasiyopasa kuvumiliwa, na nyimbo nyingine ni za kumtisha. Askofu Vincent Lucas kule Masasi alijaribu tangu mwaka wa 1913 kuzitia desturi za jando katika njia ya Kikristo badala ya kuzipiga marufuku. Kwa wavulana alifaulu kwa kiasi. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Hatustaajabu. Mwanamume wa cheo cho chote, awe mwalimu au askofu, hawezi kuwa somo wa mwali. Analoweza ni kujua ya kuwa somo yuko, na kutomharibia kazi yake njema.

Katika misiba vilevile. Maia Green, aliyeandika juu ya Ukristo wa Wapogoro, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 ya kuwa kulia ni kazi, tena ni kazi ya wanawake. Kila aliyeketi msibani humu ameona: wanawake ndani na maiti, wanaume nje penye moto. Wale wa ndani hawamshauri mfiwa. Wamemzunguka. Mmoja ampa maji, mwingine amshika asijitupe chini, mwingine aanza kulia pale yeye anaponyamaza, ili kilio kisimwelemee peke yake. Wageni waliofika kwanza walikiona kilio kile kuwa ni makelele ya washenzi, na wengine walikikataza. Twaamini walikuwa wakikataza dawa.

Sasa tuchukue mfano, maana bila mfano maneno haya ni upepo. Bonde letu lina desturi ya kilimo ambayo watu wa mijini hawaijui. Wakati wa mpunga jamaa huhamia mashamba ya mbali na kukaa huko miezi, katika vibanda na madungu, wakilima, wakipalilia na kuamia ndege hata mavuno. Watoto wa shule mara nyingine huachwa kijijini na bibi au na kaka yao mkubwa. Tuseme mama mmoja wa Michenga amefiwa na mumewe huko shambani, majirani ni wachache, maji yamejaa, na kilio hakikuliwa kama ipasavyo. Arudi kijijini. Baada ya matanga shemeji zake wasema shamba ni la ukoo, na mmoja wao asema yeye ndiye atakayemrithi mjane. Mama aja kwa mwalimu. Asema, "Mwalimu, shikamoo. Nimekuja, nina shauri."

Mwalimu wa kwanza atalisikia neno shauri kwa sikio la boma. Atawaita mashemeji, ataweka meza, atasikiliza pande mbili, atatoa uamuzi, na mama atarudi nyumbani kukaa kati ya watu aliowashitaki. Mwalimu wa pili atachungulia katika utenzi wake na kumwambia mama kwamba mke mwema ni mtii, basi na awatii jamaa za mume kama alivyomtii mume. Wa tatu atasema mambo ya ukoo hayamhusu. Yaani, shauri lako, mama. Wote watatu tumewaona, na si zamani.

Sisi tungependa wa nne. Atampa pole kwanza, na atauliza habari za marehemu, alikuwa mtu wa namna gani, alikufaje, ni nani aliyekuwapo. Huo si upotevu wa wakati, kwa maana kilio ambacho hakikuliwa shambani kinangoja mahali pa kuliwa, na mara nyingi hicho ndicho kilichomleta mama, na shamba ni mlango tu aliobishia. Baada ya hayo, siku hiyo au siku nyingine, lazima ajue mambo yalivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, yampa mjane uhuru wa kukaa apendapo, na wa kutoolewa tena au kuolewa na amtakaye, hata kama desturi yasema vingine. Kifungu cha 66 chasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Katika habari ya mali jambo ni gumu zaidi, kwani kanuni za mila za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 hazikumpa mjane fungu kama marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Zilisema watoto ndio watakaomtunza. Mwalimu asiyeyajua haya asiyabuni. Huruma isiyo na maarifa humpeleka mtu shimoni kwa kumshika mkono.

Mtu atauliza: Mwana Kupona yu wapi katika hayo yote? Yumo, tena sana. Mwalimu huyu wa nne amefuata mpango wake, ila ameugeuza kwa kuwa yeye si mama yake mtu. Amemsogeza karibu, amempa nafasi ya kumkumbuka marehemu, ndipo yakaja maneno ya njia. Ambalo hakulifuata ni beti za utii, kwa sababu mume aliyestahili utii ule, kama alistahili, amekwisha zikwa, wala radhi yake hairithiwi na ndugu zake pamoja na jembe na mtumbwi.

Tuongeze neno juu ya methali, kwa kuwa waalimu wazipenda mno na huzitumia kama sarafu. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake" ni methali ya mshauri mnyenyekevu. Ifaa kuandikwa juu ya mlango wa ofisi. "Mficha maradhi kifo humfichua" ifaa kwa mwenye kuogopa kusema. Lakini "Msiba wa kujitakia hauna kilio" ni methali tunayoiona ikitumiwa vibaya kila mwaka. Msichana aliyepata mimba shuleni huambiwa hiyo. Kijana aliyeacha mke akamtaka tena huambiwa hiyo. Methali hii ilitungwa, twadhani, kumwonya mtu kabla hajatenda. Akishatenda haina kazi tena, ila kumfurahisha asemaye. Tena si kweli. Msiba wa kujitakia una kilio kuliko ule mwingine, kwa sababu mwenye nao hana wa kumsingizia, wala hawaji watu kukaa naye usiku. Msichana yule hakuandaliwa matanga na mtu ye yote, naye amefiwa na mambo mengi.

Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka wa 1923, iliwahi kuwako desturi nzuri ambayo twasikitika kuona imepungua. Mtu mwenye jambo alilitunga shairi, akauliza, na wengine walimjibu kwa mizani ile ile, mara kwa kumkubali, mara kwa kumpinga, naye akawajibu tena. Majibu mengine yalikuwa ya kujionyesha tu. Hata hivyo aliyeuliza alikuwa na kinywa. Tukitoka hapo tukirudia tenzi za wasia twaona pengo lao kubwa: anayeusiwa hasemi. Mwana Hashima aitwa, akaribishwa, apewa hirizi na kidani, asimuliwa habari za baba yake, aombewa. Lakini hatusikii hata mara moja alisema nini. Je, aliuliza? Je, alilia pale mama alipofika katika habari za baba? Kalamu na karatasi ni yeye aliyeambiwa azilete, na hata hivyo neno lake halimo. Kwa watoto wa Shaaban Robert ni vivyo hivyo, na katika nyimbo za unyago zilizokusanywa, kwa kadiri tulivyoziona, sauti ni ya wafundaji.

Lakini twasikia kwamba mahali pengine humu bondeni mwali, siku ya kutolewa nje, huwajibu waliomfunda kwa wimbo au kwa fumbo. Twawaomba waalimu wa Michenga, Kibaoni, Mang'ula, Mngeta na Mchombe, na wale wa ng'ambo ya mto, Lupiro, Itete na Malinyi, wawaulize mama zao na bibi zao kama ni kweli, na wakiruhusiwa wayaandike majibu hayo kwa lugha yenyewe, Kipogoro au Kindamba au Kimbunga, na tafsiri ya Kiswahili kando. Waandike pia mahali na mwaka, na kama mwimbaji alikuwa mwali mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Jina la mwali lisiandikwe.